Mtu Niliyemwacha Ng'ambo ya Mpaka

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu huniuliza kwanza. Mimi ni Msabato, pombe sijawahi kuionja, na jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, kwenye njia ya kupanda kilima cha Manga, kwetu Kisii, miaka ile ya vita vya shifta.

Nilikuwa askari. Tulichaguliwa watu sita, tukavuliwa sare, tukavalishwa shuka kama wachunga ngamia, tukavushwa mpaka wa kaskazini kwenda kuwasaka mashifta, wale waasi waliokuwa wakitega mabomu kwenye barabara zetu. Mkubwa wetu alituambia waziwazi, "Mkikamatwa huko, hatuwajui." Unajua tulifanya nini? Tulicheka.

Mmoja wa wale sita alikuwa Nyakundi, jirani yetu wa nyumbani. Mimi ndiye niliyemshawishi aandikishwe jeshini. Mama yake, Kemunto, alitushika mikono siku ile akasema, "Mmeondoka wawili, mrudi wawili."

Siku ya tano tulionekana. Nyakundi alipigwa risasi ya nyonga. Tulimbeba hadi kulipokaribia kucha, kiongozi akasema tumtue, la sivyo tutakufa sote. Nilimlaza mimi, chini ya mgunga. Akaniuliza, "Unarudi?"

"Narudi sasa hivi."

Sikurudi. Kambini iliandikwa kwamba Nyakundi ametoroka kazi, nasi tukaapishwa kunyamaza. Atakayefungua mdomo, jela.

Mwezi uliofuata nikapewa likizo. Nilianza kupanda Manga kama saa moja ya jioni, manyunyu yakianguka, ukungu umekaa juu ya mashamba ya chai. Mbele yangu kulikuwa na mtu anachechemea. Nikamsalimia kwa Kikisii. Akageuka.

Niamini, alikuwa Nyakundi. Mvua ilininyeshea mimi, yeye alikuwa mkavu. Mchanga ulikuwa umemganda kwenye nyusi, na kwetu mchanga kama ule hakuna.

"Nafika mpaka kwenye migomba ya mama," akasema. "Ananiona, ananiita. Mlango siuwezi. Mwambie uliniacha wapi."

"Nimeapa, Nyakundi."

"Mimi uliniapia nini?"

Akanishika kifundo cha mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, kama jiwe lililoshinda juani. Nikafumba macho nikamwomba Mungu. Nilipofumbua, njia ilikuwa tupu.

Nilikimbia moja kwa moja kwa Kemunto. Nilimkuta mlangoni na taa ya chemni, uso umechangamka.

"Karibu, mwanangu. Mwenzako amepita hapa sasa hivi. Kila jioni anasimama pale kwenye migomba, nikimwita haingii. Kwani nimemkosea nini?"

Niambie, ungemjibu nini? Maneno yalinijaa kinywani. Nikaiona jela, nikamwona mke wangu peke yake na watoto. Nikasema, "Yuko kazini mbali, mama. Umemfananisha tu. Atakuja."

"Kumbe ni mzima!" Akacheka, akanipakulia chakula, nami nikakila.

Alingoja miaka tisa, nami kila likizo nikijiambia nitamweleza kesho. Kila jioni alitoa kigoda nje, hata kwenye mvua, mpaka kifua kikamuua. Siku ya mazishi wazee, ambao habari ya jeshi kwamba alitoroka ilishawafikia, walibishana kama Nyakundi atengewe nafasi kando ya mama yake. Mmoja akatema mate: "Mtoro huyo? Akisikia, atakuja mwenyewe." Nilikuwa nimesimama kaburini na jembe mkononi. Nikaendelea kufukia.

Tangu jioni ile Nyakundi hajanitokea tena. Unafikiri hiyo ni nafuu? Nimepita njia ile miaka nenda miaka rudi, saa ileile, nikimwita kwa jina. Nastahili anikabe koo, lakini haji. Mkubwa wetu alishakufa, wale wenzangu wanne walishakufa, hakuna tena wa kunifunga kwa kusema. Na sasa nasema, lakini aliyetaka kusikia yuko chini ya udongo niliomtupia mwenyewe.

Wewe unayenisikiliza, ukiambiwa ndugu yako yuko kazini mbali, uliza mbali ni wapi, na uliza nani alimwona mwisho. Na kama aliyemwona mwisho ni wewe, nenda kwa mama yake leo, kabla hujavua viatu. Usiseme kesho. Mimi nilisema kesho.