Nyaya Mbili, Swichi Moja

Eliufoo alikuwa fundi wa mtandao katika hospitali moja mjini Moshi, na kwa miaka sita hakuna aliyemlalamikia. Hospitali ilipoachana na mafaili ya karatasi, yeye ndiye aliyefunga seva ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa. Seva ile ilikuwa na kadi mbili za mtandao. Akaziunganisha ili zigawane mzigo, na moja ikifa, nyingine ibebe yote. Siku ya kukabidhi alichomoa waya wa kwanza mbele ya mganga mkuu, akaurudisha, akachomoa wa pili. Kompyuta za wodini hazikutetereka.

Jambo moja hakulisema. Nyaya zote mbili ziliingia kwenye swichi moja, kile kisanduku kinachounganisha seva na kompyuta za jengo zima. Swichi ya pili, ya kupokea waya wa pili, ilichelewa kuletwa. Ilipofika, aliiweka kabatini akisubiri siku yenye kazi chache. Ikakaa humo miezi minane.

Mchana mmoja wa Aprili radi ilipiga, swichi ikaungua. Seva ilikuwa nzima, kadi zake mbili nzima, ila hazikuwa na pa kupitia. Eliufoo alikimbilia kabatini, akapasua boksi, akafunga swichi mpya. Ilimchukua dakika arobaini.

Ndani ya dakika hizo aliletwa Veronika, mwalimu kutoka Machame, mwenye nimonia, homa imempanda hata hajitambui. Mumewe, mzee Ebenezeri, alikuwa bado mapokezi. Nesi Rachel alijaribu kufungua kumbukumbu za mgonjwa, zikakataa. Alimwona anahema kwa shida, akamchoma penisilini. Kwenye kumbukumbu hizo ilikuwa imeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba dawa hiyo inamdhuru. Veronika alifariki kabla mtandao haujarudi.

Rachel akasimamishwa kazi. Taarifa ya Eliufoo ilitaja radi tu, ikapokelewa bila swali.

Eliufoo alivumilia wiki tatu. Kisha akapanda Machame, akamkuta mzee Ebenezeri akikatakata migomba ya kulisha ng'ombe. Akamwamkia, akamweleza yote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo ulijua," mzee alisema.

"Nilijua, mzee. Nilikuwa naahirisha."

Ebenezeri aliendelea kukata mpaka gogo likaisha.

"Na yule nesi, anajua?"

"Hapana."

"Basi umekuja kwa mtu ambaye si wa kwanza kustahili kuambiwa. Shuka ukawaambie wao, huko hospitalini."

Kesho yake Eliufoo aliyarudia maneno yale mbele ya uongozi. Alifukuzwa siku hiyohiyo. Rachel aliitwa arudi, akafanya kazi mwezi mmoja, akaacha mwenyewe; wenzake walisema kila sindano alimwomba mwingine achome.

Sasa Eliufoo anatengeneza simu kwenye soko la Kwa Sadala. Amemwandikia Rachel mara mbili. Hajajibiwa, na hadhani kwamba anastahili kujibiwa.