Hati ya Upekuzi

Asubuhi moja pale machimboni Mwakitolyo, askari wawili walikuja kwangu kutafuta mawe ya dhahabu yaliyoibwa. Mume wangu alikuwa shimoni akichimba. Nilisimama mlangoni.

“Afande, naomba kuona hati ya upekuzi.”

“Unaficha nini, mama?”

“Sifichi kitu. Kama kuna dharura, labda ushahidi unapotea, niambieni niwapishe. Kama hakuna dharura, kaleteni hati, nitawasubiri hapahapa.”

Waliondoka kuifuata. Niliketi kizingitini, hata kisimani sikwenda, wasije wakasema nimehamisha kitu. Mchana walirudi na hati, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Niliisoma yote, nikawafungulia mwenyewe. Walipekua hadi kwenye gunia la mpunga, wasipate kitu. Mwenyekiti alinipa pole. Nilishukuru, nikaenda kuchota maji.