Mforosadi Si Mkonge

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, mkonge umeizunguka Kilosa mpaka macho yanachoka. Mume wangu alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Songea, akawa mkata mkonge; mimi, binti wa milimani, nikaandikwa kufagia majani uani kwa Meneja wa shamba. Mtunza Bustani, mzee mkali kuliko siki, alinitazama mpaka mchana.

"Wewe unafagia huku unaangalia juu. Unatafuta nini?"

"Lile tawi, babu. Linamsugua mwenzake."

"Panda ukalikate."

Nikajifunga kanga kiunoni, nikapanda. Wapishi wakatoka jikoni wakipiga kelele kwamba mwanamke hapandi mti. Niliwaambia warudi wakaangalie vyungu vyao, vinaungua.

Kazi hiyo ni kupogoa, na kupogoa si kufyeka, sikilizeni nyie mnaoshika panga kama mnapigana vita. Tawi nene unalitia msumeno kwanza kwa chini, kidogo tu, ndipo unakata kwa juu. Ukianza juu, tawi litaanguka na gome, litauchuna mti kama mbuzi wa sikukuu. Halafu unaacha shingo, yaani ule uvimbe pale tawi linapoota, maana kidonda hufungia hapo. Machipukizi ya chini, yale yanayonyonya bure, unang'oa yangali laini.

Mti niliokuwa nikiupenda ni mforosadi uliokuwa nyuma ya jiko. Mke wa Meneja alizitaka forosadi zake kwa kupikia jamu. Mimi nilikuwa na langu. Nilipomzaa Asha, mtoto wangu wa kwanza, kitovu chake kilipodondoka sikuwa na pa kukizika. Kwetu milimani kitovu huzikwa shinani mwa mti wa nyumbani, mtoto ajue ni mtu wa wapi. Kambini kwa vibarua nyumba si yako, ardhi si yako, hata mchicha unapanda kwa ruhusa. Nilimwambia Mtunza Bustani. Akachimba yeye mwenyewe chini ya mforosadi, akageuka kando, nikazika. Uzee ulipomchosha akarudi kwao, uani nikabaki mimi na msumeno wake.

Mke wa Meneja akaenda Ulaya kupumzika. Ikasikika Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anakuja kula chakula, na Meneja akamwambia Nyapara Mkuu, msimamizi wa wakata mkonge, uani pasafishwe. Nyapara Mkuu hakuniita. Alileta wakata mkonge na visu vyao. Mnajua mkonge unavyokatwa? Unaondoa majani yote ya chini, unaacha kishungi juu. Basi, miti yote ya ua ule wakaikata hivyo hivyo! Nilifika asubuhi, Asha mgongoni, nikakuta miti imesimama kama mifagio. Mforosadi ulikuwa umechunwa gome mpaka chini, unatoka maziwa, na mtu yuko juu anaendelea.

Nyapara Mkuu alikuwa rika la baba yangu. Sikumpa hata shikamoo.

"Nani kakwambia huu ni mkonge?"

"We mwanamke, mti wa Mzungu unakuwashia nini?"

"Kitovu cha mwanangu kimo hapo."

Akacheka, akawageukia watu wake. "Mmesikia? Kumbe mtoto ni wa Mzungu!"

Wakacheka wote. Mume wangu alikuwa miongoni mwao, na kisu mkononi. Yeye hakucheka, lakini hakusema neno. Nilimmwagia Nyapara tenga zima la majani na samadi kichwani. Meneja akatoka barazani na leso shingoni.

"Ondoa huyu," akasema. "Na mti huo ukate wote."

Hakuuliza kitu. Nikaokota kijiti kimoja cha mforosadi, unene wa kidole, nikakifunga kwenye kitambaa chenye maji, nikaondoka. Usiku mume wangu akaniuliza, "Umeacha kazi kwa ajili ya mti?" Nikamjibu, "Wewe umenyamaza kwa ajili ya nini?" Nikahamia Mikumi, naye akanifuata.

Mikumi nilipata kazi nyumba ya wageni ya serikali. Karani wa pale alinipa michongoma niikate iwe sawa kama meza, nikaikata. Lakini kijiti changu sikukipanda uani kwa mtu. Nilikipanda kwangu, kikashika.

Nilipogoa pale mpaka magoti yakakataa ngazi. Sasa nakaa kitini, na hasira yangu iko palepale. Mwezi uliopita mkwe wangu, mume wa Asha, anayejenga vyumba vya wageni hapa barabarani, alileta vijana wa msumeno wa mashine waukate kichwa mforosadi uliotokana na kijiti kile. Majani yanamchafulia bati, anasema. Nilipiga kelele mpaka madereva wa malori wakasimama.

Asha, mwenye wajukuu sasa, akatoka ndani. Hakubishana. Akachukua msumeno wangu wa mkono, akaegemeza ngazi, akachagua tawi moja lililoelekea bati. Akaanza kwa chini.

"Shingo!" nikamkemea. "Acha shingo!"

"Nimeiona, mama."

Tawi likashuka safi, gome halikuchubuka. Mkwe wangu akasimama na vijana wake, amekunja uso.

"Kelele zote hizi! Kwani huu mti ni wa nani?"

"Wangu," akasema Asha, na hakushuka ngazini.