Chora Unachokiona

Shule yetu ya Pate ilikuwa na hadubini moja. Nasema shule ilikuwa nayo. Mimi, mwalimu wa bayolojia, sikuwa nayo. Ilikaa kabatini kwa mwalimu mkuu, ndani ya sanduku lake, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa kanzu yake.

Kila muhula nilikwenda kuiomba. "Mwalimu, hiyo ni amana," alinijibu. "Watoto wakiivunda tutajibu nini?" Bwana huyo si mwizi wala mvivu. Amelelewa katika nyumba ambamo kitu cha thamani hufungiwa, hufukizwa ubani na kupakwa mafuta ya nazi ili kisiliwe na chumvi ya pwani. Ndivyo alivyoitunza hadubini, kila Ijumaa, kwa mikono yake mwenyewe. Mimi hilo sikulijua.

Basi nikafundisha kwa chaki. Nilichora seli ubaoni mpaka nikaichukia. Jioni nilifungua mwongozo wa mwalimu, umejaa picha za maabara zinazong'aa, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Jamani, ulikuwa umeandikiwa nani? Kitu kimoja tu humo niliweza kuwapa wanafunzi bila ufunguo wa mtu: chora unachokiona, si unachokijua. Nililiimba neno hilo mpaka wakanitania nalo.

Msichana mmoja alilishika kweli. Mamake alifariki ndani ya boti akikimbizwa hospitali ya Amu kujifungua, na tangu hapo yeye alitaka uuguzi, hakutaka kingine. Bila alama nzuri ya bayolojia hangeupata.

Mwaka wao wa kumaliza shule, mtihani wa taifa wa vitendo ukataka hadubini. Asubuhi ya mtihani mwalimu mkuu akafungua kabati kwa bismillahi, uso umemjaa furaha. Nikatia jicho. Ukungu mtupu! Mafuta yalikuwa yameganda kwenye lenzi na kunasa moshi wa ubani.

"Umepaka mpaka vioo?"

"Hivyo ndivyo vya kutunzwa zaidi," akasema.

Subhanallah. Tulisugua kwa pamba na spiriti, tukazidi kuviharibu. Kuazima Amu hakukuwezekana, maana huko nako walikuwa na mtihani uo huo, asubuhi ile ile.

Wanafunzi walipotoka mtihanini niliwauliza wamechora nini. Wote, isipokuwa yule msichana, walikuwa wamechora seli yangu ya ubaoni, ukuta na kiini, kila kitu mahali pake. Yeye alichora duara, na ndani yake wingu la kijivu.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Si ulisema tuchore tunachokiona, mwalimu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Bayolojia ilimwangusha kidogo tu, na uuguzi ukampita. Siku hizi anauza bajia mtaa wa Langoni, kule Amu, kwa shangazi yake, na nikipita huniita kwa heshima na kuniongezea mbili. Hadubini imerudi kabatini. Mimi bado nachora seli ubaoni, na wanafunzi wa sasa nawaambia waikariri.