Ushindi wa Magesa na Mitamba Isiyokuja

Ipo siku moja, mjukuu wangu, ambayo nikikaa kimya hunirudia kuliko nyingine zote. Tulikuwa tunapalilia pamba kule Mugeta, Azimio la Arusha bado bichi, mwalimu mmoja Mmarekani akaja na pikipiki yake mpaka ukingoni mwa shamba, anapiga kelele, "Magesa ameshinda! Magesa ameshinda!"

Magesa alikuwa mchumba wangu. Alisoma Musoma kwa huyo mwalimu, kisha akapata nafasi ya kwenda Marekani kusomea kilimo. Huko chuoni walipoona anavyopiga mpira wakamtia kwenye timu yao. Si mpira huu wenu. Wa kwao umechongoka huku na huku kama papai, wanaubeba mikononi, na vijana wanavaa kofia ngumu halafu wanagongana kama mafahali. Kazi ya Magesa ilikuwa kuupiga kwa mguu upite juu, katikati ya milingoti miwili. Msimu ukiisha, vyuo vilivyofanya vizuri hualikwa kucheza mechi moja kubwa ya mwisho, siku za mwaka mpya. Mwalimu aliisikia redioni. Dakika za mwisho, timu yao ikiwa nyuma, Magesa akaupiga ukapita, uwanja mzima ukasimama. Mwalimu akasema ukiwachukua watu wote wa Musoma na Bunda, hawaujazi uwanja ule.

Basi, maisha yangu yaliharibiwa hapo hapo, nikiwa nimeshika jembe, tena nacheka kwa furaha.

Kwetu wakati ule, kijana akishinda mieleka mbele ya wazee wa kijiji kingine, wenyeji hawakumwacha arudi mikono mitupu. Walimkabidhi mtamba. Sasa piga hesabu kama alivyopiga baba yangu: kama mieleka ya kijijini ni mtamba, je, uwanja unaoshinda Musoma na Bunda? Alikuwa ameshakubali mahari ya kawaida, na ng'ombe hao wazazi wa Magesa walikuwa nao zizini. Jioni ile ile akaenda kuwaambia mahari imepanda, maana sasa anaozesha kwa bingwa. Na baba yake Magesa, kwa majivuno, akajibu, "Sawa. Kijana akirudi na ng'ombe wake, utachagua mwenyewe." Mimi sikuulizwa. Nani angeniuliza?

Na mahari ya dada, unajua, ndiyo kaka aliyokuwa akiolea. Baba akawaahidi wakwe wa kaka yangu mitamba hiyo hiyo, wakamtoa binti yao kwa ahadi tupu. Magesa anarudi, wifi yangu ana mtoto mgongoni, na wazazi wake wanakuja kila mara kudai. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, kila jirani anasikia.

Magesa alirudi anachechemea. Alivaa koti la sufu lenye rangi za chuo, juani hapo, na saa mkononi. Mimi nilimwona tu nikajua hakuna ng'ombe. Baba alingoja amalize uji ndipo akauliza.

"Mwanangu, ng'ombe wako wanakuja na meli ama?"

"Ng'ombe gani, baba?"

"Wa ushindi. Ule mchezo mkubwa."

Magesa akatazama chini. "Walitupa hii saa na hili koti. Hela za mlangoni zilienda kwa chuo na wenye uwanja. Sisi tulikuwaga wanafunzi, baba. Mwanafunzi halipwi."

"Watu wote wale, hata ndama?"

"Hata ndama."

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amekaa pembeni anachambua mtama. Akauliza, "Na huo mguu?"

"Nilipoupiga tu ule mpira, mtu akaniangukia gotini."

"Ulivyolala hospitali, nani alikuja kukuona?"

"Msaidizi wa kocha. Alifuata jezi. Kulikuwa na mwenzangu anaitaka."

Bibi akacheka kicheko kibaya. Kisha akamgeukia baba: "Umemuuza mtoto kwa ng'ombe ambao hakuna mtu amewahi kuwasikia wakilia." Sijawahi kusikia baba akikemewa namna ile. Lakini haikusaidia kitu.

Wazee wa Magesa walileta ng'ombe wale wa mwanzo. Hawakutosha. Wakwe wa kaka walitaka wote walioahidiwa, la sivyo wamchukue binti yao pamoja na mtoto. Akatokea mfugaji mmoja wa kijiji cha Buswahili, mwenye wake wawili, akaleta mitamba yote kwa mpigo. Kaka akabaki na mke wake, mimi nikaenda Buswahili. Mume wangu, babu yako, hakuwa mtu mbaya, lakini sikumpenda hata siku moja, na leo nasema kwa kuwa yuko kaburini. Magesa akawa bwana shamba wa pamba. Siku moja alipita kwetu kikazi, akamweleza mume wangu habari za dawa ya wadudu, akaondoka bila kuniangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mpaka leo inaniuma.

Sasa wewe nawe umeitwa kucheza mpira nje, na juzi nimemsikia mjomba wako anapanga nyumba atakayojenga kwa miguu yako. Nisikilize. Hao wanaokuchukua, waulize mbele ya mashahidi: changu ni kipi, na nikivunjika nani atanitibu? Wakicheka, wewe usicheke. Usione haya kuuliza, Magesa aliona haya. Na kabla hujapanda gari, waambie hawa wa hapa nyumbani, kwa sauti, kwamba hakuna ruhusa ya kuahidi kitu kwa jina lako. Dada yako ana mchumba wake. Asiguswe.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akulindie magoti. Akurudishe mzima, na akikurudisha mikono mitupu, utukute hapa hatujamuuza mtu.