Tangazo Lililofanyiwa Risaga

Mashine ya kufumia sweta tuliachiwa na mama. Alikuwa na kibanda sokoni Kebirigo, na siku za soko wanawake walisimama pale, wakavuta mikono ya sweta za shule kuona kama zitalegea, wakauliza bei, kisha wakaenda zao. Mama hakununa.

"Waache waangalie," aliniambia. "Shule zikifunguliwa watakumbuka ni wapi."

Alipomfuata baba kaburini, niliacha darasa la saba nikakaa nyuma ya ile mashine. Wadogo zangu wamesoma kwa sweta. Januari hii alibaki kitinda mimba, anayeingia kidato cha nne, na karo yake ilikuwa kwenye rundo la sweta ambazo hazikuwa na mnunuzi. Wazazi walikuwa wakinunua za kiwandani Kisii mjini. Nikaamua kuweka tangazo mtandaoni.

Kwenye fomu iliandikwa kwamba malipo ni kwa kila mbofyo. Nilidhani mibofyo ikiwa mingi ndivyo tangazo linavyopata nguvu. Nikaliandikia kundi la kanisa: "Ndugu zangu, nisaidieni. Bonyezeni tangazo langu."

Watu hawa nawajua. Wiki tuliyomzika mama walikuja na vikapu bila kuitwa, wakachuma majani yetu yote ya chai kabla jua halijawa kali. Kwetu hiyo huitwa risaga, shamba la mmoja kulimwa na wengi. Sasa wakalifanyia tangazo langu risaga.

"Nimebonyeza kwa simu yangu na ya mzee," shangazi yangu akatuma sauti.

"Mzee wako amerudi shule ya msingi, anatafuta sweta?" mwenzake wa kwaya akamjibu, na kundi zima likacheka.

Kufikia adhuhuri pesa nilizoweka za wiki nzima zilikuwa zimeisha, na hakuna aliyeagiza hata sweta moja. Nilimpa mdogo wangu simu aangalie.

"Dada, mtu akibonyeza, unayelipa ni wewe."

"Hata asiponunua?"

"Hata akiangalia tu aondoke."

Niliwakumbuka wale wanawake wa mama na mikono yao kwenye sweta. Kama wangetozwa kwa kuangalia, au mama angetozwa kwa ajili yao, tungekula nini?

Mdogo wangu alinionyesha jinsi ya kuweka kikomo cha kila siku, na kuchagua wazazi wa Nyamira na Kisii pekee. Pesa za chai ya mwezi huo zikaenda huko. Nikawaomba wa kanisa wasibonyeze tena, nikawaeleza sababu.

"Yaani tumekula karo ya mtoto kwa vidole?" shangazi akauliza.

Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato yetu na hatuuzi, alifika kibandani na kwaya nzima nyuma yake. Akavuta mkono wa sweta mpaka nikaogopa utatoka.

"Hapa je, kushika kunalipiwa?"

"Ni bure, shangazi."

"Basi niache nishike."

Alishika karibu zote, akanunua mbili za wajukuu. Wenzake nao wakanunua. Jumanne tangazo lilimleta mzazi mmoja kutoka Nyamira, akachukua nne. Mdogo wangu alirudi shuleni na karo yake, akiwa amechelewa siku tatu, na sweta aliyovaa ni ile niliyoifuma na kuifumua mara mbili, kwa sababu mama angesema mikono yake ni mifupi.