Jeli Iliyokataa Kuganda

Ng'ombe wa mama, kule kwetu Bungoma, alipoanza kudondosha mate na kulia kwa sauti ya kukwaruza, tulidhani amekwamwa na gunzi kooni. Mimi nilishika taya, mama akatia mkono mpaka karibu na kiwiko. Hakukuwa na gunzi. Siku chache baadaye ng'ombe akafa, na daktari wa mifugo aliyempasua akataja kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huambukiza kwa mate, nasi tulikuwa tumeyashika.

Nilimsihi mama aende kudungwa sindano. Akakataa katakata.

"Si mbwa haijaniuma," alisema. "Nyinyi watu wa maabara mnapenda kutisha watu. Nionyeshe hiyo ugonjwa kwanza."

Basi nikataka kumwonyesha. Katika maabara ninakofanya kazi, Kitale, tunalowesha kipande cha ubongo wa mnyama ndani ya dawa ya maji, kisha tunakipasha joto ili dawa igande iwe jeli. Jeli hushikilia kila kitu mahali pake. Baada ya hapo tunaosha mafuta, kipande kinabaki angavu, na ugonjwa unaweza kuonekana kwa darubini. Daktari wa mifugo alinipa vipande viwili vya ubongo wa ng'ombe wetu. Nilivitia kwenye chupa za dawa kulekule nyumbani, nikarudi navyo Kitale juu ya barafu.

Cha kwanza kilinishinda. Nilipoinamisha chupa, dawa ilitiririka kama uji wa mgonjwa. Nikaongeza unga mpya wa kuigandisha, nikapima joto upya, wapi. Kipande kikaharibika. Nikaogopa kugusa cha pili. Mama anaweza kufa, na mimi nahangaika na chupa.

Ndipo nikaiangalia chupa yenyewe. Nilikuwa nimeijaza hadi shingoni tu. Kwetu maziwa ya kusafirishwa hayajazwi mpaka mdomoni, unaacha nafasi yasimwagike njiani, na mkono wangu ulifuata mazoea. Hewa iliyobaki pale juu ndiyo iliyozuia dawa isigande. Chupa ya pili niliijaza pomoni mpaka ikafurika, nikafunga, nikapasha. Ikaganda vizuri.

Nikampigia mama simu karibu nicheke. "Imeganda, mama. Sasa ni kuosha mafuta tu, halafu utaona."

"Hiyo kuosha inachukua muda gani?"

"Wiki kadhaa."

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, na hilo nililijua siku zote nilizokuwa nimeinamia meza ile.

"Na wewe si ulishika taya?" akauliza polepole. "Umedungwa?"

Sikuwa nimedungwa. Siku ile ya taya nilikuwa na mkato mbichi kwenye kidole gumba, wa kisu cha kukatia mboga ya sukuma wiki, na tangu hapo kila nilipoosha mikono nilitazama kando. Mama alikuwa na ubishi wake, mimi nilikuwa na jeli yangu.

"Bado, mama."

"Basi kuja twende pamoja. Hata mimi naogopa, mwanangu."

Niliiacha chupa mezani, nikatoka kwenda kutafuta gari la Bungoma.